Mwalimu Upande

Morogoro kuna watu wazima, wengine wana wajukuu, ambao ukisema mbele yao "kuku imekufa" wanashtuka kama wamechapwa rula. Hao wote walipita mikononi mwa Mwalimu Upande. Hakuwa anapiga mtoto, dini yake ilimkataza, lakini sauti alikuwa nayo. "Amekufa!" alifoka, akigonga meza kwa kiganja mpaka chaki zinaruka. "Kuku ni yeye! Ana roho kama wewe, na huenda akili kakuzidi!"

Alifundisha Kiswahili shule za sekondari mpaka akastaafu, na aliamini kwa dhati kwamba Kiswahili ni lugha ya Kijaini, yaani ya dini yake, iliyozaliwa bila kujijua. Meza imevunjika, gari limeharibika, lakini mbu amekufa. Mtu amekufa, sisimizi amekufa. Wote wamepewa "a" ileile, hakuna aliyepunguziwa. "Nani aliwafundisha wenye lugha hii?" alituuliza. "Hakuna. Waliona wenyewe." Halafu uso unamsinyaa, anakumbuka kwamba miti iliachwa nje, mti umekufa, na hilo halikuwahi kumtoka moyoni. Neno "ndege" lilimfurahisha kuliko yote, kwa sababu ndege anaruka na ndege inaruka, na mtoto akichanganya hayo mawili anakuwa amemnyima mmoja roho yake au ameipa mashine isiyostahili.

Kwao ni wapi na baba yake aliuza nini sitayaandika. Mwenyewe akiulizwa kwao alijibu, "Kilakala." Akiulizwa tena kwa mkazo, kama sisi Wahindi tunavyoulizwa siku zote, "Hapana, Mwalimu, kwenu kabisa kabisa," alisema, "Kilakala, upande wa juu." Mimi ninachotaka ni aeleweke alikuwa mtu gani, maana alitaka jambo moja tu maishani, akalitaka mpaka likamla, na mtu wa mwisho aliyemtegemea alikuwa mimi.

Niseme kwanza Wajaini ni nani, maana hata majirani zetu hawajui. Mtaani tumewekwa kwenye kapu moja la Banyani, na sisi tumechoka kubisha. Imani yetu inabebwa na mambo mawili. La kwanza, usimdhuru kiumbe yeyote kadiri unavyoweza. La pili ni kwamba ukweli una pande nyingi na wewe umesimama upande mmoja, kwa hiyo ukisema, sema kama mtu aliyesimama mahali, usiseme kama uliyezunguka nyumba yote. Mwalimu alilichukua hilo la pili akalifanya sheria ya darasa. Katika chumba cha sala, juu ya duka la zamani la vitambaa, alipokuwa akitufundisha sisi watoto wa Kijaini kila Jumamosi asubuhi, hakuna aliyeruhusiwa kutoa hoja bila kuanza na "kwa upande mmoja". Ukisahau, unarudia. Ndiyo maana akaitwa Mwalimu Upande, kwanza kwa siri, baadaye hata wauza vocha walimwita hivyo na yeye akaitika.

Lilitukaa mdomoni hilo neno. Mama alinituma chumvi nikajibu kwa upande mmoja nipo tayari. Nilipoingia chuo Mzumbe, wenzangu wa semina walinihesabia kila nikilisema, wakicheka, "Haya, sasa tupe upande wa pili." Mimi nilidhani ni utani tu. Sikujua kwamba dunia ina milango ambayo mtu mwenye neno hilo mdomoni hapiti.

Alikuwa mtu wa kinyume na kinyume chake. Maji aliyachuja kwa kitambaa cheupe, kisha akakigeuza kitambaa na kukisuuza kwa maji yaleyale ndani ya pipa yalikotoka, ili vijidudu vilivyokwama virudi kwao. Alikula kabla jua halijazama. Vitu vya ardhini, viazi, vitunguu, karoti, havikuingia jikoni kwake, kwa sababu ukichuma maharage mmea unabaki, lakini karoti ukiing'oa umeumaliza mmea na wote waliojificha penye mizizi. Sasa huyo huyo, kila soko, alikuwa akinunua karoti. Mama mmoja alizishusha kutoka Mgeta, karoti zenye udongo mweusi bado, na Mwalimu alianza kwa kumhubiria.

"Lima maharage, mama. Lima njegere."

"Njegere nalima, Mwalimu. Zimeshakwisha kununuliwa. Sasa hizi karoti nirudi nazo mlimani, au nizitupe mtoni?"

Mwalimu akafungua kikapu. Karoti aliwagawia majirani njia nzima, akiwa amekasirika kana kwamba wao ndio waliozing'oa. "Kwa upande mmoja nimeshiriki kuua," aliniambia. "Kwa upande mmoja watoto wake wana sare." Kikapu hakikufika nyumbani na kitu.

Na ulimi wake ulikuwa mkali, jamani. Mtu asiyemkanyaga mchwa aliweza kumkata mtu mzima vipande viwili barabarani. Alijua. "Mwili wangu wote ni Mjaini isipokuwa ulimi," alisema. Ndiyo maana siku yetu ya kusameheana, inayokuja mara moja kwa mwaka, sisi wengine tunapigiana simu tunamaliza, yeye ilimchukua mchana kutwa. Alizunguka mji kwa miguu, nguo nyeupe, mwavuli mkononi, akiwasimamisha watu. "Kama nimekuudhi kwa kujua au kwa kutojua, kwa neno au kwa wazo, naomba unisamehe." Alimwambia hivyo fundi viatu, mlinzi wa benki, mwanafunzi aliyemfelisha zamani. Alifika mpaka kwa muuza nyama, ambaye siku zote Mwalimu alivuka barabara ili asipite mbele ya bucha lake. Siku hiyo alisimama mlangoni kabisa, macho chini, mapaja ya ng'ombe yananing'inia juu ya kichwa chake.

"Mwalimu, mbona mwaka huu hujaniudhi?" muuza nyama alimwambia.

"Nimekuwazia vibaya kila asubuhi."

"Basi nimekusamehe kwa asubuhi zote," akasema yule mzee wa Kiislamu, akafuta mikono ili ampe kiti, naye Mwalimu akakataa kukaa.

Sasa nifike kwenye lile jambo lililomla.

Dodoma si mbali na Morogoro. Mabasi ya kwenda huko yanapita kila saa, na Mwalimu alikuwa akiyatazama kama mtu anayetazama treni iliyomwacha. Huko ndiko sheria zinakotungwa, na huko, alisema, kila dini ina mtu wa kugonga mlango. "Wenzetu wana maaskofu. Wana mashehe. Sheria ikija, wanaitwa, wanasikilizwa. Sisi tuna nani?" Kulikuwa na taasisi moja huko iliyochukua wanafunzi wa vyuo na kuwaweka kwa miezi michache kwenye ofisi za wabunge, wajifunze kazi, na ilitenga nafasi kwa vijana wanaotaka kutetea jambo kwa msukumo wa imani zao. Dini yoyote ilete kijana wake. Mwalimu aliposikia habari hiyo hakulala. Alimtaka kijana mmoja tu wa Kijaini aingie humo ndani. Asiwe mbunge, asiwe mkubwa, akae tu pale maneno yanapoandikwa, ili siku mtu akiandika juu ya wanyama "ziuawe" awepo wa kusema "wauawe, maana wana roho", na baada ya hapo awepo wa kuuliza kama kweli ni lazima wauawe.

Wa kwanza aliyempeleka alikuwa mtoto wa duka la rangi. Alipoulizwa dini akasema, "Mimi ni Jaini." Wakasikia jini. Chumba kizima kikacheka, mmoja akauliza kama amekuja nao wangapi, na kijana akapoteza maneno yote aliyoyakariri. Wa pili alikuwa binti hodari, aliyesoma kuliko mimi. Aliulizwa anaunga mkono au anapinga jambo fulani la mifugo, akajibu kwa upande mmoja hivi na kwa upande mmoja vile, kwa ufasaha mzuri, na akaambiwa ofisi ya mbunge haina muda wa pande. Familia yake ikahamia Dar, halafu Uingereza. Wakafuata wengine, na wote walirudi na jibu lilelile, mpaka Mwalimu akaanza kuelewa kwamba ni yeye aliyewafelisha, kwa neno alilowatia mdomoni wakiwa wadogo.

Nilimwona akielewa. Alikuwa amekaa chini chumbani pale pa sala, amefagia mahali pake kwa ufagio wetu laini wa kusogeza wadudu bila kuwaumiza, na akabaki na ufagio mapajani. Wakati huo nyumba za Kijaini mjini zilikuwa zimebaki mbili, yake na yetu. Baba alishasema nikimaliza chuo tunahamia Dar. Sanamu za chumba cha sala zilishaombwa na wenzetu wa huko. Nafasi ile ilikuwa ya walio masomoni, na mimi nilikuwa mwaka wa mwisho.

"Sisi tuna wewe," Mwalimu aliniambia. Sikupenda alivyosema. Ilikuwa sauti ya mtu anayezama na ameshika kitu, nami ndiye hicho kitu.

Kabla ya usaili alinipeleka Gairo. Taasisi ilikuwa imetuambia mada mapema: kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaokuja kama wingu na kumaliza mtama, na ndege inayotumwa kuwanyunyizia sumu wanakolala. Mwalimu hakutaka nizungumze juu ya mtu nisiyemwona. Tukafika kwa mama mmoja mkulima ambaye binti yake aliwahi kusomeshwa na Mwalimu. Alitupokea vizuri, akatuletea karanga za kuchemsha. Mwalimu akazitazama. Karanga zinatoka ardhini. Akasema asante, akazishika kiganjani muda wote tuliokaa, hakuzila na hakuziweka chini.

Mama yule sauti ilikuwa imekauka kabisa. Alikuwa shambani tangu kabla ya kucha, yeye na watoto, wakipiga madebe na kupayuka ili ndege wasitue. Watoto hawakuwa wameenda shule. Akatuonyesha masuke. Yalikuwa matupu, yamesimama vizuri tu, ukiyaangalia kwa mbali unaweza kudhani kuna chakula.

Nikamweleza kwamba dini yetu inaona pande nyingi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema kwa ile sauti ya kukwaruza, "mimi nimekuelewa. Lakini huyo ndege hali upande mmoja. Anakula shamba zima."

Mwalimu akainuka, akaaga. Ndani ya basi la kurudi ndipo nikaona analia, na karanga bado amezifumbata.

Jioni ya kuamkia safari yangu ya Dodoma alikuja kwetu jua likiwa bado juu. Mama akamwekea chai, hakuigusa. Alinishika mikono yote miwili.

"Kesho wakikuuliza, jibu neno moja. Sema 'napinga'. Basi."

"Na yule mama wa Gairo?"

"Mwache."

"Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha..."

"Najua nilichokufundisha!" Akagonga meza, chai ikamwagika. "Nimekufundisha vibaya! Nimewafundisha wote vibaya! Sema napinga, mwanangu, uingie. Ukishaingia utasema pande unazotaka. Lakini ingia. Nakuomba. Nisiwe nimeishi bure." Mama yangu akatoka akaenda kusimama uani, hakuweza kutazama. Nami nikaahidi. Nikasema, "Nitasema napinga, Mwalimu." Usiku ule nililirudia neno hilo mpaka likapoteza maana, kama linavyopotea neno lolote ukilirudia sana.

Usaili wenyewe ulikuwa mfupi. Watu watatu, meza, chupa za maji. Mwenyekiti wao alikuwa mtu mchangamfu, wala hakunitania kuhusu majini. Aliuliza masomo yangu, akauliza kwa nini imani. Nilijibu vizuri, naamini nilijibu vizuri. Halafu akafunga faili lake akainama kidogo kunielekea.

"Haya binti, la mwisho. Hizi ndege zinazomaliza mtama wa watu. Zinyunyiziwe sumu au zisinyunyiziwe? Unaunga mkono au unapinga?"

Neno lilikuwa tayari. Lilikuwa hapa, nyuma ya meno. Nilifungua mdomo kulitoa, nikasikia sauti yangu inasema, "Hawa."

"Samahani?"

"Hawa ndege, mzee. Wanaomaliza."

Akacheka, wenzake wakacheka, bila ubaya. "Sawa, mwalimu. Hawa. Sasa unaunga mkono au unapinga?"

Na hapo nilikuwa nimeshapotea. Ukishasema "hawa" huwezi kusema ndege wafe. Lakini ukishasema "hawa" unamkumbuka na yule mama, na watoto na madebe, maana nao ni hawa. Nilijaribu. Mungu anajua nilijaribu. Nilimwona Mwalimu na chai iliyomwagika, nikalitafuta lile neno moja, na lililotoka ni lile la tangu nikiwa mdogo.

"Kwa upande mmoja," nikasema.

Niliona kalamu ya mwenyekiti ikiandika kitu kifupi. Aliniacha nimalize, kwa heshima, na nilimaliza. Nilieleza ndege na nilieleza shamba. Nadhani sijawahi kusema Kiswahili kizuri kama siku ile. Barua pepe ya kunishukuru kwa kushiriki ilifika baada ya siku chache nikiwa Mzumbe, na kabla sijajua nitaanzaje kumwambia, mama akapiga simu.

"Mwalimu kapooza," akasema.

"Kapooza vipi?"

Mama akasita. Nilisikia anavyosita, na nikajua anachoogopa kusema, maana hakuna namna nyingine ya kukisema. "Upande mmoja," akasema.

Nilimkuta nyumbani kwake Kilakala, upande wa juu, ameinuliwa kwa mito dirishani. Milima ilikuwa imefunikwa na ukungu mpaka nusu. Yule mama wa karoti alikuwa pale, ameshuka kutoka Mgeta si siku ya soko, amemletea njegere tupu, anamenya. Nilipiga goti. "Shikamoo, Mwalimu."

"Mara... haba." Nusu ya mdomo ndiyo iliyosema. Nusu nyingine ilikuwa imeshuka, imelala, haikuhusika. Akaniangalia kwa muda mrefu, na jicho lile zima lilikuwa kali kama zamani. "Ume... pata?"

Nilikuwa nimepanga kudanganya. Njia nzima nilipanga. Lakini huyu alizijua sentensi zangu tangu sijaweza kuziandika.

"Sijapata, Mwalimu."

Jicho likafumba. Yule mama wa Mgeta akaacha kumenya. Nikasubiri afoke, nikatamani afoke. Jicho lilipofumbuka aliuliza kwa taabu, neno moja moja, "Walisema... hizi?"

"Walisema hizi ndege."

"Uka... sema?"

"Nikasema hawa."

Nusu ya uso wake ikacheka. Sijawahi kuona kitu kama hicho na sitaki kukiona tena. Upande mmoja ulicheka, meno yakaonekana, na machozi yakatoka kwenye upande ule mwingine usioweza kucheka, yakateremka bila kufutwa, kwa sababu mkono wa kuyafuta nao ulikuwa wa upande huo. Nikayafuta mimi.

"Nani... anafuata?" akauliza.

"Hakuna, Mwalimu. Mimi ndiye wa mwisho." Nikaongeza, kwa sababu ilikuwa lazima ajue, "Na mimi muda wangu umepita. Namaliza chuo wiki hii. Na mwisho wa mwezi tunahamia Dar."

Alisikia. Nina hakika alisikia, maana mkono wake mzima ulilitafuta shuka ukalikunja. Halafu akajikaza kwenye mito, akainua kidevu kama darasani, na nikaelewa anataka kufanya nini.

"Haya," akasema. "Tena. Hawa... ndege. Sumu. Ndiyo... au siyo?"

Hapakuwa na usaili. Hapakuwa na nafasi wala mtu wa kuijaza. Alikuwa ananifundisha kwa ajili ya mlango uliokwisha kufungwa, na wote watatu mle chumbani tulilijua hilo, hata yule mama mwenye njegere. Ningeweza kumpa lile neno moja aliloniomba kwa machozi. Lilikuwa limerudi mdomoni, jepesi kabisa, sasa halikuwa na kazi tena.

"Kwa upande mmoja, Mwalimu..." nikaanza.

Kiganja chake kizima kikapiga godoro. Kikapiga tena, kwa nguvu yote aliyobaki nayo, mpaka njegere zikaruka kwenye ungo. Alikuwa amekasirika na alikuwa amefurahi, na mimi nikaendelea kusema mpaka nikamaliza pande zote mbili, kwa sababu hakuniambia ninyamaze.